Sala za Mama Shukrani

"Bwana, tunakushukuru kwa wali huu," Mama Shukrani aliomba, macho kayafumba, viwiko mezani. "Chini umeungua na juu haujaiva, maana yake umetupa vyakula viwili kwa sufuria moja. Amina."

Mkwe wake akaitikia amina, meno kayauma.

Jina halisi la bi kizee huyo lilikwisha kusahaulika. Mtaani walimwita Mama Shukrani, na kanisani walimtolea mfano: mama wa imani, hajalalamika hata siku moja. Ni kweli, hakulalamika. Alishukuru tu. Neno limetuagiza kushukuru katika hali zote, alisema, na yeye ni nani hata aweke mipaka?

Basi alishukuru. Paa lilipovuja, alimshukuru Mungu kwa kuwaletea maji mpaka chumbani bila bili. Cherehani ya mkwe wake, iliyowalisha wote wawili kwa kushona sare za shule, ilipokwama, alishukuru kwamba hatimaye majirani watapata usingizi. Mkwe aliponyoa nywele, bi kizee alimshukuru Muumba kwa kutotazama sura ya mtu.

Mwanzoni mkwe alikuwa akijifungia jikoni na kulia. Baadaye akajifunza na yeye kuomba.

"Bwana," alisema jioni moja, supu ikifuka mbele yao, "nakushukuru kwa mama mkwe wangu. Magoti umemchakaza, macho umempunguzia, lakini ulimi umemwachia mpya kabisa, kama haujawahi kutumika."

"Amina," bi kizee akajibu, akivuta bakuli lake. "Hiyo umeiomba vizuri."

Dada mkubwa wa mkwe, aliyekuja kushonewa gauni, alisikia yote hayo. Akamvuta mdogo wake nje ya mlango.

"Wewe, utamvumilia huyu mpaka lini?"

"Sasa nimpeleke wapi, dada?"

"Kwani hakuzaa? Mwanawe yuko wapi?"

"Wanaongea kwenye simu."

"Nani humpigia mwenzake?"

Mkwe akajifanya anampima dada yake mkono wa gauni. Aliyepiga siku zote alikuwa mama.

Mvua zikaanza. Mtu wa kuziba paa alikuwa aitwe tangu kiangazi, lakini sare zilikuwa nyingi na mkwe akawa anasema kesho, kesho. Asubuhi moja, akiwa kwenye cherehani, alisikia kishindo. Alikimbilia chumbani akamkuta Mama Shukrani kalala kwenye dimbwi la maji, nyonga imevunjika.

Mkwe alipiga magoti, akangoja asikie Bwana anashukuriwa kwa lipi safari hii. Bi kizee aliangalia dari tu.

Hospitali walimpasua, wakaunga mfupa, kila kitu kikaenda sawa. Ila hakula wala hakusema neno. "Mwili unapona," daktari alisema, "lakini mwenyewe hajaamua."

Akina mama wa kanisani walikuja kumfariji. "Mshukuru Mungu, mama, ingeweza kuwa shingo!" mmoja alisema. Mwingine alimkumbusha kwamba wapo wasio na nyonga kabisa. Wakaimba, wakaomba kwa zamu, kila mmoja akijitahidi kuomba kwa muda mrefu kuliko aliyemtangulia, wakamaliza matunda ya mgonjwa, kisha wakaondoka wamebarikiwa sana.

Mkwe akabaki peke yake na chupa ya supu. Akaimimina bakulini, akafumba macho.

"Bwana, nakushukuru kwa..."

Akakwama. Kwa lipi? Kwa paa alilolipuuza? Kwa kile kishindo? Alitafuta neno la dhihaka, kama walivyozoeana, asilipate. Akatafuta la kweli, machozi yakalitangulia.

"Kwa supu," sauti kavu ikasema kutoka kitandani. "Anzia kwenye supu. Ila chumvi usimsingizie Mungu, hiyo ni kazi yako."

Mkwe alicheka na kulia kwa pamoja mpaka muuguzi akachungulia. "Asante, Mungu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakutafuta la kuongezea. Bi kizee akafungua mdomo kupokea kijiko. Akameza, akakunja uso, akafungua tena.

Siku ya kuruhusiwa, mwanawe akatokea. Viatu vinang'aa, ufunguo wa gari kidoleni, na nyuma yake mwanamke mtanashati aliyebeba ua la plastiki.

"Nani anampeleka mgonjwa nyumbani?" muuguzi akauliza.

"Mimi," mwana na mkwe walijibu kwa pamoja.

Mwana akainama kitandani. "Mama, chumba chako tayari. Kuna televisheni, kuna msichana wa kazi, na paa letu halivuji."

"Nitakwenda na mkwe wangu," bi kizee akasema.

Mwana akakohoa. Akamtazama muuguzi, akatazama mlango, kisha akamshika bega mwanamke aliyekuja naye.

"Mama, tusiaibishane mbele za watu. Mkwe wako ni huyu. Yule tumeachana, mwaka wa sita huu."

Mama Shukrani akafumba macho.

"Bwana," akaomba, kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "nakushukuru sana kwa talaka ile. Ulijua ni yupi kati yao wa kuniachia."