Mkono wa Bi Mashavu

"Kwani mkono wangu una upele?" Bi Mashavu alifoka uani, mtaa mzima ukisikia. "Jirani wa miaka ishirini nakupa mkono, unaukataa kama noti iliyochanika!"

"Dada, subiri chuma kipoe," alisihi Fundi Ngwali, mikono yenye glavu ameiinua juu.

Mara ya kwanza alipoipaka rangi ngumu bunduki ya askari wa wanyamapori, alikuwa amepeana mikono na wageni waliotoka kula sambusa. Mafuta yakahamia kwenye chuma, rangi ikabambuka kama ganda la kitunguu, na mji ukamcheka mwezi mzima. Leo askari kamletea tena bunduki, haina risasi, pamoja na darubini yake. Rangi ikibambuka tena, Ngwali hana jina.

Bunduki ilitoka kwenye tanuri la kukaushia rangi. Darubini ilikuwa imekaushwa na upepo tu, maana vioo havitaki moto. Vyote vilipopoa, askari aliyekuwa akingoja pale uani akamkabidhi Bi Mashavu ufunguo wake.

"Kwangua wewe mama, wewe ndiye mwenye hasira."

Bi Mashavu akakwangua bunduki, akakwangua darubini, jasho likamtoka. Kilichochubuka ni ufunguo.

"Makubwa haya! Fundi tunaye!" akapiga kigelegele, na majirani wakajaa uani kama wamealikwa.

Ngwali akavua glavu, akachukua birika la maji.

"Sasa ulete huo mkono, dada, nikunawishe. Pilau imeiva, ingia tule sahani moja."

Bi Mashavu akanyoosha kiganja, midomo bado ameibinua, na maji yakaanza kumiminika.