Ndege wa Kifua Cheusi

Maji ya karai yalikuwa meusi kabla sijamaliza kumwosha bawa moja.

"Muoshe vizuri, Mama Nthoki," mume wangu alikuwa ameniambia, kisha akaenda stendi kumpokea bwana wa makumbusho anayekuja kumwona ndege wake.

Tangu amnunue sokoni Gikomba, chumba chetu hapa mtaani Baba Dogo ni cha ndege. Redio haifunguliwi. Jiko limetolewa nje, eti moshi utamuua, nami nasonga ugali barazani mvua ikininyea mgongoni, majirani wakiniuliza kama nimefukuzwa na ndege.

Ndiyo. Nimefukuzwa.

Nikilalamika, ananifundisha kama mtoto wa darasa la pili. Ndege hawa wako wa aina mbili, ni kama ndugu. Wa kifua cheupe wamejaa kila mahali, hata kwetu Machakos tunawafukuza shambani. Wa kifua cheusi vichaka vyao vimefyekwa, wamebaki wachache mno. "Unataka nimpoteze huyu kwa sababu ya ugali?"

Niliongeza sabuni, nikamsugua kifua taratibu kwa kidole gumba. Weusi ukatoka. Yalikuwa masizi, kama yale ya chini ya sufuria zangu. Kifua chenyewe kilikuwa cheupe kama unga.

Nje nikasikia, "Karibu, bwana, karibu ndani!"

Nilimfunika ndege kwa taulo asipate baridi. Nikatoka, nikalibeba jiko likiwaka, nikawapita wote wawili mlangoni, nikaliweka katikati ya chumba.