Jivu la Fundi Boga

"Asiliguse mtu," fundi Boga alisema, akilisawazisha jivu kwa kiganja taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. "Wala mbuzi asilikanyage. Mpaka kesho jua lichomoze."

Chini ya jivu lile, nyuma ya jiko, kilikuwa kichwa cha injini ya pikapu ya Iddi: chuma cha kusubu, chenye ufa mrefu kama kidole. Tangu asubuhi Boga alikuwa amekioka juu ya makaa. Anatia welding kidogo, anaacha, anagonga-gonga kwa kinyundo, anasikiliza, anatia tena kidogo.

"Hiki si chuma cha geti, bwana Iddi. Kikipoa ghafla kinapasuka. Lazima kipoe polepole ndani ya jivu la moto."

Vijiti vya welding vya chuma cha namna hiyo alikuwa navyo vinne tu, na vyote viliishia pale. Vingine hadi Mombasa.

Iddi hakuwa na siku ya kwenda Mombasa. Madaktari wa macho waliokuja Msambweni walikuwa waondoke kesho alasiri, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mamake, Bi Maimuna, alikuwa amebakiwa na mwanga mdogo wa jicho la kushoto. Watu aliwajua kwa sauti, mlango aliujua kwa kupapasa. Nyonga yake haikuweza bodaboda. Na kule kwao, nje ya Kinango, gari lilikuwa hilo moja.

"Fundi!" Bi Maimuna aliita kutoka barazani, upande wa pili wa nyumba. "Nitawaona wajukuu zangu?"

"Inshallah, mama. Chuma kimekubali."

"Basi nitakwenda nimeoga, nimejifukiza udi. Daktari asije akasema kikongwe huyu ametolewa zizini." Akacheka peke yake.

Maji ya kuoga Iddi alikuwa amemwekea kando, dumu la lita tano. Tangu bwawa lilipokauka, maji yalikuja kwa punda, na yaliyooshewa mboga ndiyo waliyonyweshwa kuku.

Jioni Iddi alikata matawi ya miiba akalizungushia jivu lile. Akamwonya mkewe, Sidi, kabla hajatoka na punda kufuata maji. Akawaonya watoto. Akavuka hadi kwa jirani yake Charo, akamwonya na yeye na mbuzi wake. Alimwonya kila mwenye miguu mizima. Kisha adhana ya magharibi ikasikika, akaenda msikitini na fundi wake.

Asubuhi Boga alilifukua jivu. Halikumwagika, lilitoka mabonge mabonge. Akakipangusa kile chuma kwa kitambaa, akakigonga mara moja. Hakikulia kama kengele. Kilitoa mlio mfu, kama chungu kibovu. Pembeni pa welding palikuwa na ufa mpya, umekimbia toka ukingo hadi ukingo.



"Jivu limelowa," Boga alisema, akilivunja bonge kati ya vidole.

"Limelowa na nini? Mvua? Mara ya mwisho kunyesha hapa, wewe ulikuwa bado una meno."

"Mtu amemwaga maji hapa, bwana Iddi."

"Kinango? Nani wa Kinango anayemwaga maji?"

Boga aliyatazama madumu yaliyopangwa ukutani, vifuniko vimefungwa kwa kamba.

"Wallahi, mimi kazi yangu..."

"Usiape, mzee. Sema tu hujui kazi."

Miaka thelathini na minane Boga alikuwa akiunga vyuma, na neno lile hakuwahi kuambiwa. Akakunja nyaya zake, akaondoka bila kunywa chai. Kinyundo chake kidogo alikisahau pale juu ya jivu.

Iddi alisimama akilitazama jua linavyopanda. Alimpigia simu mwenye gari wa Kikoneni. Yuko harusini Jego. Akampigia mwingine, simu imezimwa. Akarudisha simu mfukoni, akazunguka nyumba kwenda barazani, akitafuta maneno ya kumwambia mamake.

Bi Maimuna alikuwa ameshakaa tayari, amejitanda leso mpya, kifurushi mapajani. Mikononi mwake mlikuwa na mikwaruzo mibichi. Aliposikia hatua za mwanawe aligeuza uso.

"Iddi baba, usinifokee. Nitakwenda hivi hivi, sijaoga." Akalipapasa dumu lililokuwa miguuni pake, likalia tupu. "Jana mlipokwenda kuswali, na Sidi hajarudi na punda, nilinusa moshi huko nyuma, karibu na makuti, na wajukuu wamo ndani. Nikajikokota mpaka nikaufikia, nikaumwagia dumu zima."