Nusu ya Mizizi

Kisu kilikuwa kimeshachemshwa, gazeti limetandazwa mezani, na mikoba miwili ya hospitali imesimama mlangoni tangu alfajiri. Fundi Saa akavuta kiti, akakaa, akaupindua mkebe juu ya kiganja chake. Kijimea kikatoka na udongo wake wote, majani yake manene yamelegea kama vidole vilivyoshinda majini.

"Mama," binti yake akasema, "gari linakuja saa sita."

"Bado saa moja na dakika kumi." Hakutazama ukutani. Miaka thelathini na minne ya kutengeneza saa za watu ilikuwa imemwondolea haja hiyo.

Kijimea kile kilikuwa kimekaa kwenye dirisha la kibanda chake cha kazi muda mrefu, hakimsumbui mtu. Kisha mwezi huu wote, alipokuwa akienda na kurudi kwa ajili ya vipimo, wateja wakakionea huruma. Kila aliyepita alikimwagia maji. Sasa mizizi ilinuka.

"Si umpe jirani tu aendelee nacho?"

"Nimpe jirani kitu kinachooza? Hapo nitakuwa nimempa kazi, si mmea."

Akachukua kibanio chake, kile cha kushikia skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha, akaanza kuchambua. Mzizi mzima huku, mbovu kule. Binti alikuwa ameegemea friji, mikono ya blauzi ameishusha hadi viganjani, ingawa joto la siku ile halikuwa na adabu. Alimimina maji, akanywa mafunda mawili, akaiweka glasi mbali.

Simu ikalia. Fundi Saa akaibonyeza kwa kiwiko, na sauti ya kaka yake ikajaa jikoni.

"Dada, nimekwambia na narudia. Una miaka sitini na mmoja. Mtu hajipeleki kwenye kisu kwa miguu yake kama anakwenda sokoni."

"Nakwenda kwa gari, kaka."

"Usinifanyie mzaha. Sisi ndugu zako tumekaa kikao, tumekubaliana usubiri. Dawa zipo, mashine zipo. Haraka ya nini?"

"Mlikaa wapi? Mbona mimi sikuitwa?"

Kaka mtu akakohoa. "Yakikufika huko, tutaulizwa sisi."

"Basi niulizeni mimi sasa hivi, wakati bado najibu. Nimeshatia sahihi." Akaikata simu kwa kiwiko kilekile, doa la udongo likabaki kwenye kioo.

Binti alikuwa amegeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa juu, kama mtu anayesubiri mlango ubamizwe.

"Mjomba hajakosea kila kitu," akasema taratibu. "Tunaweza kuahirisha. Daktari alisema mwenyewe, hata ukiwa umeshalala pale kitandani, ukisema hapana wanaacha. Hakuna atakayekulaumu. Mimi ndiyo kabisa."

"Nilikuwepo. Nilimsikia."

"Naogopa, Mama."

"Ogopa, mwanangu. Mimi pia naogopa, tena usiku wa jana sikupata hata lepe la usingizi. Lakini woga hauna sahihi kwenye ile fomu. Sahihi ni yangu."

Akashika kisu. Alikata pale ambapo weusi ulianza, akarudi nyuma kidogo kwenye sehemu nyeupe, akakata tena ili awe na hakika. Binti akafumba macho. Vipande vikaanguka kwenye gazeti bila sauti.

"Umebakiza nusu tu," binti akasema alipofumbua macho.

"Nusu inatosha."

Akaupumzisha mmea kando ili vidonda vikauke. Wakati huo akatandika kokoto chini ya chungu kipya, akachanganya mchanga na udongo mkavu, akajaza kwa kijiko cha chai. Hakuharakisha hata alipousikia mlango wa gari ukifungwa kule chini. Alikisimamisha kijimea katikati, akakishindilia kwa kidole gumba, akapuliza vumbi kwenye majani. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chunguni: *Hakuna maji hadi nirudi. Mwenye huruma akahurumie kwake.*

Binti akacheka bila kutaka. Ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika nyumba ile kwa wiki nzima.

Aliponyoosha mkono kuchukua mkoba, mama yake akawahi. Akabeba yote miwili, mmoja kila upande, akashuka nayo ghorofa mbili huku binti akimfuata nyuma na kusimama kila baada ya ngazi chache.

"Mama, hebu nipe mmoja. Watu watasema nini?"

"Waseme nina nguvu."

Hospitalini walipokelewa na korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Fundi Saa akatembea katikati yake kifua mbele, viatu vyake vikigonga. Dirishani akataja majina, akatoa barua, akakataa kukaa. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Akaizima bila kutazama aliyepiga.

Muuguzi kijana akatokea akisukuma kiti cha magurudumu. Akaziona mvi za Fundi Saa, akatabasamu, akakisogeza kiti mbele ya mama.

"Karibu ukae, mama yangu. Wagonjwa wa leo hatutaki wajichoshe na ngazi."

Fundi Saa akaweka mikoba chini. Akakishika kiti, akakizungusha, akakisukuma mpaka kikagusa magoti ya binti yake.

"Mgonjwa ndiye huyu," akasema. "Mimi nimemletea figo."