Mkoba wa Kitambaa

Mafuta yalikuwa yameanza kutokeza kwenye mkoba wake wa kitambaa pale mhadhiri alipomwita.

"Huyu binti hakosi mhadhara wala kongamano," mhadhiri alimwambia mgeni, mama aliyekuja kutafuta wanafunzi wa kuwaajiri. "Simama, mwanangu. Kipi kimekugusa leo?"

Ukumbi mzima uligeuka. Alisimama, mkoba kifuani. Hakuwa amesikia hata neno la mhadhara. Tangu mwanzo macho yake yalikuwa kwenye meza ya vitafunio, na mkono ukayafuata. Soseji alizowafichia wadogo zake mkobani zilikuwa bado za moto.

"Njoo huku mbele, usione haya," mgeni alisema kwa upole. Binti akasogea hadi kwenye kiti chake. "Lete nikupokee mkoba."

"Hapana, mama, si mzito…"

Mgeni alikwisha kuupakata, juu ya sketi yake nyeupe.