Fungu la Wawili

Kabla mpaka haujawekwa, nguchiro na ndege hondohondo walikuwa na umoja. Nguchiro walitimua panzi majanini, hondohondo wakawala. Mwewe alipotokea, hondohondo walipiga kelele na nguchiro wakakimbilia shimoni.

Nguchiro walichoka kuamrishwa na ndege, wakajitoa. Baada ya ubishi mwingi ukaletwa mkataba: nguchiro watapeleka panzi mpakani, hondohondo watawapa matunda, fungu moja kwa kila mume na mke, wala hakuna ndege atakayepiga kelele kwenye ardhi ya nguchiro.

Wapo walionung'unika kuwa matunda ni machache, lakini kifungu cha kelele kilishangiliwa na wote. Aliyeshangilia zaidi ni nguchiro Sengo.

"Na mwewe je, mume wangu?" mkewe Mashavu aliuliza.

"Hata leo unatafuta mwewe kwenye karatasi? Hebu furahi na wenzako."

Mashavu akacheka, akafurahi naye.

Siku ya nne mwewe alimchukua Mashavu mchana kweupe, hatua tatu kutoka shimoni. Sengo alimwendea hondohondo aliyetua kwenye mti wa mpakani.

"Hukumwona mwewe?"

"Nilimwona, bwana. Nilifungua mdomo, kisha nikakumbuka mlivyoshangilia."



Mkataba bado unafuatwa vizuri. Kila asubuhi Sengo hupeleka panzi mpakani, na hondohondo humpa fungu la wawili.