Joka la Mswada wa Kumi na Saba

Kufikia ukurasa wa arobaini joka lilikuwa bado limenuna, na msomaji akaanza kutafuta penseli ili alifute.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kampuni ya vitabu ilimletea miswada nyumbani, yenye namba bila majina, naye aliandika maoni ya ukurasa mmoja kuhusu kila mmoja. Ofisini walimwita Wembe. Mwaka huo waandishi wote walikuwa wamevamia mahaba na majoka, na Wembe alikuwa amewachoka. Wanaume wa mahaba wote ni warefu wenye huzuni machoni, aliandika wiki iliyopita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuosha sufuria. Wapenzi wanakumbatiana mvuani sura nzima, na hakuna anayepiga chafya. Kuhusu riwaya za falme za ajabu aliuliza swali moja tu: ikiwa kila yatima mchunga mbuzi ni mfalme aliyepotea, mbuzi watachungwa na nani?

Mswada wa kumi na saba ulikuwa na mahaba na joka pamoja, kwa hiyo aliufungua amekunja uso. Alitafuta penseli mezani, chini ya kiti, hata ndani ya kopo la sukari. Alipoikosa akaendelea kusoma hivyo hivyo. Katika ukurasa wa arobaini na moja, mwanamke wa hadithi, msomaji wa barua za malkia, alizunguka kasri zima akitafuta kalamu yake, kumbe ameichomeka kwenye nywele.

Wembe alicheka kwa dharau. Mwanamke gani huyo, jamani. Kisha akapeleka mkono kichwani taratibu, na penseli ilikuwa pale.

Akaanza upya ukurasa wa kwanza. Mwanamke yule alitia chumvi mara mbili kwa sababu ya kusoma huku akipika. Alicheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Alisinzia juu ya barua mchana, akaamka amefunikwa shuka na kalamu imetolewa mkononi, kama Wembe mwenyewe alivyoamka kochini mara nyingi, na mwandishi hakusema ni nani aliyemfunika. Mume wake alikuwa mpima milima, mtu mwema asiye na maneno mengi.

Mume wa Wembe alikuwa mpima ardhi. Nusu ya mwezi alikuwa porini na vyombo vyake, na nusu iliyobaki alikuwa nyumbani, kimya. Miaka kumi ya ndoa, na maneno ya mapenzi aliyoyatoa yangetosha kwenye kiganja. Siku hizi Wembe alikuwa ameanza kujiuliza, na swali lilimuuma, kama ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu anayemwona.

Mama mkwe hakusaidia. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, na miaka mitatu iliyopita alihamia kwao na sanduku moja na midomo iliyofungwa. Alimwita Wembe "wewe". Alikaa kwenye kiti kando ya mlango, akipumua kwa nguvu kila chakula kilipozidi chumvi. Kila mchana, Wembe alipoanza kusinzia kochini na miswada yake, mama mkwe alitoka kwenda kwa rafiki yake kufuma, ingawa hakuna aliyewahi kuona hata soksi moja.

Lakini sasa nani alijali? Mume alikuwa ameandika kitabu! Wembe alicheza na ufagio sebuleni mpaka akaangusha saa ya ukutani. Kanuni ya kampuni ilisema ukimjua mwandishi, urudishe mswada. Akajiambia kwamba hamjui, anabahatisha tu, na uongo huo ukapita kooni kama uji wa asali.

Jumamosi mume alirudi, wakaketi watatu kula chakula cha mchana. Wembe alikuwa na desturi ya kusoma maoni yake kwa sauti mezani, asikie ulimi unajikwaa wapi, na kwa kawaida hakuna aliyemsikiliza. Siku hiyo alisimama kabisa.

"Mswada huu uchapishwe haraka," alisoma. "Mwandishi anampenda mwanamke huyu pamoja na kasoro zake zote, mpaka msomaji naye anajikuta anampenda. Kosa ni moja tu, joka. Limelala mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, linanuna na kupumua kwa nguvu, halina neno jema kwa mtu. Halina kazi yoyote. Liondolewe."

Akakaa, akamkanyaga mume mguu chini ya meza. "Mwandishi ana la kusema?"

Mume aliuliza mwandishi yupi. Alipoelezwa, alicheka mpaka akapaliwa na maji. Akaapa kwamba kitu kirefu zaidi alichowahi kuandika maishani ni barua ya kuomba likizo, nayo alisaidiwa. Wembe alimtazama usoni. Mtu huyu hakujua kudanganya, hata kwenye karata alishindwa. Furaha yote ya wiki nzima ikamshuka miguuni.

"Basi ni nani?" aliuliza. "Nani anajua habari za penseli? Nani ananifunika?"

Mume alisema yeye mchana huwa yuko kazini.

Mama mkwe alikuwa ameacha kula. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa cha meza, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema, "hilo joka ni lazima liondoke?"